Kutu ya Makusudi

Watu wa mtaa wetu hapa Kindu wakiona chuma chao kimeanza kuota kutu, wananitafuta mimi. Sijui nani alinipa cheo hicho. Mimi ni mshonaji nguo, cherehani yangu iko barazani, lakini juu ya kichwa changu zinaning'inia taa za chuma ambazo kila mtu mtaani anazijua: majani ya mchikichi yaliyokunjwa kwa nyundo, na katikati ya majani kikombe cha balbu. Mvua zetu mnazijua, na unyevu wa mto Lualaba haumwachi mtu wala kitu, lakini taa zangu ni nyeusi na zinang'aa. Basi mteja akija kupimwa gauni anainua macho, anauliza, na gauni linasahauliwa.

Huwa ninajibu kwa ukali, nakiri, kwa sababu watu hawasikii. Mtu ana taa yake nzuri ya mlangoni, ya maua, imefura kutu, anakimbilia sokoni kununua kopo la rangi nyeusi, anapaka juu kwa juu. Mvua mbili tatu tu, rangi inavimba, inamenyeka, halafu huyo anakuja kulalamika kwamba rangi za siku hizi ni bandia. Rangi haina kosa. Kutu umeiacha mle ndani inakula taratibu, tena umeitandikia shuka.

Mimi ninazishusha taa mvua zikipungua. Natoa waya na kikombe cha balbu, nasugua kila jani kwa burashi ya waya, na kwenye mikunjo naingiza msasa uliokunjwa mdogo. Nafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naacha juani mpaka chuma kikauke kabisa. Halafu naipasha taa moto juu ya babula, jiko letu la makaa, mpaka tone la maji likidondoka juu yake liruke. Hapo ndipo napaka mawese yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki na masizi ya sufuria. Chuma cha moto kinayanywa. Kikipoa, maji ya mvua yanateleza juu yake yanakwenda zake.

Mchanganyiko huo ni wa baba yangu, aliyezitengeneza taa zenyewe. Bidii ya kusugua ni yangu, na wanaonisifia bidii hiyo hawajui inatoka wapi. Inatoka kwenye aibu. Wakati wa vita, baba yangu alisema sentensi moja hapo barazani, na kwa sentensi hiyo jirani zetu wa ng'ambo ya barabara walipoteza nyumba. Mume wa nyumba ile alifia ugenini. Mke wake yu hai, ni mzee sasa, amerudi kwenye kiwanja chake, na kila asubuhi ananisalimia kutoka kule. Miaka yote hii nimeogopa kitu kimoja tu: siku atakayojua nani alimpelekea askari mlangoni.

Kwa hiyo alipovuka barabara mwaka huu na beseni kichwani, akalitua karibu na cherehani yangu, akaondoa kitambaa, nikaona kilichomo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa taa. Moja ya zile mbili baba alizowatengenezea, za mlango wao wa zamani. Mtoto wake anayechimba madini kule Punia alikuwa amemletea mabati, naye akaita fundi amwongezee baraza kwenye kile chumba chake cha matofali mabichi. Fundi alipochimba msingi, jembe liligonga chuma. Askari walikuwa wamechimba handaki uani enzi zile, na walipoondoka walitupa humo takataka zao na kulifukia. Taa ilikuwa nyekundu tupu. Majani mengine yalikuwa yametobolewa kama sombe, majani ya muhogo, iliyoliwa na viwavi.

"Mwanangu," alisema Mama Jirani, maana ndivyo ninavyomwita tangu utotoni, na njo yetu hapa ni ndiyo ya kwenu, "wewe njo unajua kutu. Uniokolee hii. Nataka kuitundika barazani kabla sijakufa."

Nilisema nitajaribu. Nilikuwa naangalia mikono yangu.

Baba alikuwa mhunzi kwenye karakana ya reli. Enzi za treni nyingi alikunja vyuma vikubwa vya mabehewa mchana kutwa, na jioni alichukua vipande vilivyobaki, vyuma vyembamba vilivyokuwa vinatupwa, akavitengenezea majani na maua. Taa zetu zilikuwa za kwanza. Mwenyewe alisema amezifanyia mazoezi, na ukizitazama vizuri utaona jani moja linaangalia pembeni kwa ukaidi. Zile za jirani alizitengeneza baadaye, mkono ukiwa umekomaa. Mume wa jirani alikuwa dereva wa treni, rafiki yake wa kazini, na alipomaliza kujenga baba alimpa taa mbili za mlangoni kuwa zawadi: maua ya mgomba, na magamba yake yamepangana moja juu ya jingine, membamba kama karatasi. Watu wa stesheni walikuwa wanasimama kuziangalia.

Baba alizihudumia zote nne. Za jirani alizipaka mafuta Ijumaa asubuhi, ili rafiki yake akitoka kwenda msikitini apite chini ya kitu kinachong'aa. Za kwetu Jumamosi, kabla ya misa ya kesho yake. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuzigusa. Jasho la mkono linaleta kutu, alisema, na aliyeacha alama ya vidole alipigwa makofi.

Halafu mji ukafungwa. Treni ilisimama, maboti hayakupanda, na wale wa baiskeli waliokuwa wanaleta mchele na mawese kutoka vijijini wakaogopa njia. Umeme ulikuwa umekwisha kabla ya hapo, kwa hiyo taa zilikuwa za kutazamwa tu. Chumvi ilipotea sokoni. Na basoda, ndivyo tulivyowaita askari, kila kundi lilipoingia mjini komanda wake alitembea mtaani kuchagua nyumba ya kulala. Hakuwa anabisha hodi kwa maskini. Aliangalia mapazia, aliangalia mlango, aliangalia chochote kilichoonyesha kwamba humu wanakaa watu wenye kitu. Akiipenda nyumba yako, unatoka na godoro lako, na ukibishana unatoka bila godoro.

Mama aliliona hilo mapema. Alishusha mapazia, akavisha viti magunia, akapaka ukuta wa mbele matope. Zikabaki taa. Alimwambia baba azitoe. Baba alikataa, na safari ile alikuwa na hoja: watu wawili mtaani walikuwa wameshapigwa vibaya kwa kuonekana wameficha vitu, na vyuma vya kushikia taa vilijengewa ndani ya ukuta, ukizitoa yanabaki mashimo mapya yanayopiga kelele. Mama akafikiri siku nzima. Jioni akasema, "Basi zikae, lakini zichakae."

Kutu ya haraka inataka chumvi na maji. Chumvi hatukuwa nayo ya kula, seuze ya kupaka chuma. Mama akatutazama sisi watoto. Kuanzia kesho yake asubuhi tulipewa ndoo kuukuu nyuma ya jiko, kila mtu akojoe humo kabla ya kunawa uso, na mama alifunga kitambaa kwenye fimbo, akawa anazipaka taa mkojo wetu asubuhi na adhuhuri jua likiwa kali. Mafuta ya baba alikuwa ameyaondoa kwanza kwa majivu na maji ya moto. Haikuchukua muda. Ule weusi ukaingia madoa ya rangi ya machungwa, madoa yakashikana, na jua likipiga, harufu iliingia mpaka chumba cha kulala.

Nilikuwa msichana wa umri ule wa kuanza kujifunga kitenge vizuri na kupita mahali polepole ili nionekane. Sasa nilipita mbio. Watoto wenzangu walikuwa wanaziba pua wakifika mbele ya nyumba yetu, wanauliza kama tumefuga mbuzi barazani. Nilimchukia mama kwa hilo, na nilimwonea huruma baba. Mama alipochukua fimbo yake, baba alivaa kofia ya kazi akaenda karakana, ambako hakukuwa na kazi yoyote, akakaa huko mpaka jua lipoe.

Mama alivuka barabara kuwaambia jirani wafanye kama sisi. Nilikwenda naye. Mume wa jirani alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu akasema kwamba mkojo ni najisi, na hawezi kuupaka juu ya mlango anaopita akienda kuswali. Mama hakuona kosa katika hilo. Alisema, "Basi mupake hata matope." Wakakubali. Kesho yake yale maua ya mgomba yalikuwa yamevishwa matope mazito, na ungedhani ni viota vya nyigu.

Ijumaa ikafika. Baba alivuka barabara na kopo lake.

Alikuwa amekwangua mawese chini ya chungu cha mama, kidogo tu, kijiko kisichojaa, wakati sisi tulikuwa tunakula sombe iliyochemshwa kwa maji matupu. Alipanda kwenye kiti chao, akatoa matope yote kwa kitambaa, akaanza kupaka. Nilikuwa nimesimama barazani kwetu naona. Mume wa jirani alitoka, akamwona rafiki yake kule juu, akaona uso wake. Alimshikia kiti. Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa mtu mzima, na nadhani alimhurumia. Alijua za kwetu zimekuwaje, na aliona kwamba mtu huyu amebakiwa na kitu kimoja tu cha kufuta vumbi. Wiki iliyofuata baba alivuka tena. Mama aliona, akagomba, baba akasema ni kazi ya mkono wake na hawezi kuiua yote.

Komanda alikuja asubuhi moja baada ya mvua, jua limetoka safi. Alikuwa na fimbo mkononi na vijana wake wanne nyuma. Alipanda barazani kwetu bila kubisha. Baba alikuwa amekaa pale, mama yuko mlangoni, mimi nyuma ya mama nimeshika kiuno cha kitenge chake. Komanda akanusa. Akainua fimbo akagonga taa yetu, na magamba ya kutu yakamwangukia kwenye buti. Vijana wake wakacheka.

"Muzee, nani alitengeneza huu uchafu?"

Mama alikuwa ameshafundisha nyumba nzima jibu: tulizikuta hapa. Maneno mawili tu. Hata mimi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, komanda alikuwa ameshapangusa buti lake na kugeuka nusu. Nyumba yetu ilikuwa imepona.

"Ni mimi," baba akasema.

Komanda akamtazama, akamtazama na kofia yake ya reli. "Wewe? Fundi wa reli? Njo kazi munafanya hii?" Wakacheka tena, na mmoja akatema mate karibu na mguu wa baba.

Niliona shingo ya baba. Mshipa ulisimama. Mama alikohoa, kikohozi cha kumwita mtu arudi, lakini baba alikuwa ameshatoka. Akainua kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara akasema, "Hizi zimeharibika. Kama unataka kuona kazi yangu, angalia pale. Zile njo nzuri."

Komanda aligeuka. Jua lilikuwa linapiga mlango wa jirani, na yale maua mawili ya mgomba yalikuwa yanawaka mafuta, kila gamba limejitenga. Alisimama akiangalia kwa muda. Naamini kweli aliyapenda. Halafu akaangalia mlango wa mbao chini yake, na madirisha yake, na ukubwa wa baraza. Akashuka ngazi zetu, akavuka.

Kabla ya saa sita jirani zetu walikuwa wanatoa magodoro.

Na walikuja wapi? Walikuja kwetu. Wangekwenda wapi tena. Mama aliwafungulia kabla hawajabisha, akawatandikia sebuleni, akampa Mama Jirani kitanda chake mwenyewe. Mume wa jirani alimshika baba mikono yote miwili akamwambia, "Asante, ndugu yangu. Mungu akulipe." Baba aliangalia chini. Siku zote walizokaa kwetu alikula uani peke yake, akisingizia joto. Mama hakumgombeza. Ingekuwa heri angemgombeza. Alimwambia mara moja tu, jikoni, mimi nikiwa napepeta: "Ulishindwa kunyamaza tu." Kisha akanigeukia akaniambia kwamba maneno ya barazani yamefia barazani. Nilielewa.

Baadaye askari walianza kuwasumbua hata kwetu, wakitaka mume wa jirani awachotee maji kwenye nyumba yake mwenyewe. Basi familia ile ilishika njia ya reli kwa miguu kuelekea Kibombo, kwa ndugu zao. Homa ilimpata mume huko, dawa hazikuwepo, akafa. Habari ilitufikia imechelewa. Baba alipoisikia alikwenda akakaa chini ya zile taa zetu zilizooza, akalia kwa sauti, na watu waliopita walidhani analilia rafiki tu. Hakukunja chuma tena. Hata treni ziliporudi na wakamwita karakana, alisema macho yamechoka.

Amani ilipokuja Mama Jirani alirudi na watoto. Milango ilikuwa imeng'olewa, mbao za paa zilipikiwa chakula cha askari, taa hazikuwepo. Akajenga chumba kimoja pembeni. Wazee wangu walikufa kwa kufuatana, mimi nikabaki na nyumba, na jambo la kwanza nililofanya ni kuzishusha taa zile za mkojo na kuanza kuzisugua. Sikuweza kuvumilia kutu ile. Kila mtu aliona kuukuu tu. Mimi niliona makusudi.

Lakini zilipoanza kung'aa ikawa balaa nyingine. Sasa nyumba yetu ilisimama nzima, na taa zake, ikitazamana na chumba cha matofali mabichi. Mama Jirani alikuwa na maneno yake, aliyasema kila tulipozungumza habari za vita: "Mungu njo anajua kwa nini walipita kwenu, wakakuja kwetu." Aliyasema bila uchungu, akiangalia pembeni. Mimi niliinamisha kichwa kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu. Nilimshonea nguo zake zote za Idi, na akitaka kulipa nakuwa mkali. Sikuwahi kukaa naye muda mrefu. Nilikuwa namsalimia kwa sauti kubwa na kuondoka haraka, na nilijua ni tabia mbaya kwa mtu mzima aliyenibeba mgongoni.

Sasa alikuwa ameniletea taa yenyewe, na akawa anakuja kunitazama nikiifanyia kazi. Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Mara kwa mara alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza neno, na kila alipovuta pumzi mimi nilianza kueleza kutu. Nikawa redio. Nilimweleza kwa nini hatupigi nyundo kwenye jani jembamba, kwa nini kutu ya unga ni nafuu na kutu ya magamba ni mbaya, kwa nini lazima mafuta ya taa yakauke kabla ya moto la sivyo unaunguza baraza. Mama mzee wa watu, hana haja ya elimu hiyo, alitikisa kichwa tu. Akisema neno moja la zamani nilikuwa natafuta burashi ndani. Niliona haya kwa ujinga huo, lakini sikuweza kuacha.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Magamba mawili ya ua yalikuwa yameliwa hadi kingo, yakabaki kama vitambaa vilivyochanika. Nilisugua mpaka nikaona chuma cheupe mahali kilipobaki. Na nilipofika ndani ya ua, mahali ambapo maji hayakuingia sana, nilikuta tabaka la mafuta ya baba, jeusi, gumu, bado limeshika. Nililikazia macho. Kijiko kile cha mawese kilikuwa hapo. Nilijisikia vibaya kiasi cha kufunga kazi siku ile na kumwambia mteja wa gauni aje kesho.

Nilipoipasha moto na kuipaka, ikawa nyeusi. Haikurudi kuwa nzuri kama zamani, ila ilikuwa taa. Nikaibeba mwenyewe kuvuka barabara, kwa sababu sikutaka aibebe yeye tena. Baraza lake jipya lilikuwa bado linanuka saruji. Nilipanda kwenye kiti, yeye akakishika miguu yake, nikaanza kukaza skrubu kwenye ubao.

Nilikuwa nimempa mgongo, mikono juu, siwezi kushuka wala kukimbilia burashi. Hapo ndipo aliposema.

"Nilisikia baba yako."

Mikono yangu ikasimama.

"Ile siku. Nilikuwa nyuma ya pazia, dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia vile alisema."

Nilisema, "Mama." Nilitaka kuomba msamaha. Kwa hiyo alijua. Alijua alipolala kwenye kitanda cha mama, alijua mume wake alipomshukuru baba, alijua kila Idi nilipomkabidhi nguo na uso wangu wa unafiki. Machozi yalinijaa nikiwa bado nimeinua mikono, yakanishukia mpaka masikioni.

"Uningoje," alisema. "Sijamaliza. Alisema zile njo nzuri. Mbele ya komanda. Watu wote wanaogopa, na yeye anasema za kwetu njo nzuri." Akakishika kiti upya. "Mimi nilifurahi, mwanangu. Sikuogopa kwanza. Kwanza nilifurahi. Nilimuvuta mume wangu mukono, nikamwambia, unasikia vile anatusifu? Alikuwa anatoka kwa mulango wa nyuma, angekimbia. Basoda hawangemujua sura, hawangemufuata kwenu kumuchotesha maji, na hatungeenda Kibombo. Nilimuvuta arudi asikie."

Barabarani ilipita baiskeli yenye madumu ya maji, na mwenye baiskeli akatusalimia. Tulimwitikia wote wawili, kwa sauti za kawaida.

"Watoto wangu hawajui," alisema. "Baba yako alikufa hajui. Nilikuwa nataka kumwambia, nikawa namukimbia. Hata wewe nilikuwa nakukimbia."

Nilishuka kwenye kiti bila kumaliza skrubu ya mwisho. Nilikaa chini kwenye saruji, karibu na miguu yake, naye akakaa kwenye kile kiti, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kumwangalia mwenzake.